Msanii na Haki ya Kazi Yake: Mfano wa Dave Cockrum

Je, mhusika ni mali ya nani? Mmarekani Dave Cockrum (1943–2006) alianza akiwa shabiki: barua zake zilichapishwa katika vitabu vya katuni. Baada ya kutumikia jeshi la wanamaji, akawa mchoraji. Mwaka wa 1975, yeye na mwandishi Len Wein waliwaumba Nightcrawler na Storm, ambaye katika hadithi ya X-Men anakutwa nchini Kenya. Cockrum alilipwa ujira. Wahusika wakabaki mali ya kampuni ya Marvel. Mwaka wa 2004, alipolazwa hospitalini, wasanii wenzake walimpigania hadi akafidiwa. Basi, mwanafasihi, unapomhakiki mhusika, usimsahau aliyemuumba.