Unyevu na Uoksidishaji wa Aloi Katika Joto Kali

Kila mtahiniwa anajua masharti mawili ya chuma kushika kutu: maji na oksijeni. Sasa chukua chuma hicho ukipashe mpaka kiwe chekundu. Juu yake hakuna tena hata tone la maji. Je, unyevu bado una kazi? Ndiyo, ila hufanya kazi kwa njia nyingine. Usichanganye njia hizo, maana hapo ndipo alama hupotea.

1. Chuma na mvuke wa maji

Mvuke ukipitishwa juu ya chuma chekundu kwa moto, mmenyuko ni huu:

3Fe + 4H₂O ⇌ Fe₃O₄ + 4H₂

Zingatia mambo mawili. Kwanza, oksijeni inatoka kwenye mvuke wenyewe, hivyo hewa haihitajiki. Pili, zao ni oksidi nyeusi isiyo na maji ndani yake. Usiiite kutu. Kutu ni oksidi iliyoshika maji, Fe₂O₃·xH₂O, nayo ni ya rangi ya kahawia.

2. Aloi hujikingaje?

Waya wa jiko la umeme mara nyingi ni nikromu, aloi yenye nikeli takribani 80% na kromiamu 20%. Waya huo huwaka mwekundu kila siku bila kuliwa haraka, kwa sababu kromiamu huungana na oksijeni ya hewa:

4Cr + 3O₂ → 2Cr₂O₃

Oksidi hii hufanya utando mwembamba ulioshikamana na metali, na oksijeni hupenya humo polepole sana. Kutu haikingi hivyo: ni legelege, huambuka, na kuacha chuma kipya wazi.

3. Unyevu huharibuje kinga hiyo?

Katika hewa yenye mvuke, kuanzia takribani nyuzi 600 za Selsiasi, utando huanza kuliwa:

2Cr₂O₃ + 3O₂ + 4H₂O → 4CrO₂(OH)₂

Oksidi ya kromiamu ni yabisi, lakini zao la mmenyuko huu ni gesi, nayo hupeperushwa. Ni kama paa linalong'olewa bati moja moja. Aloi hutoa kromiamu nyingine ya ndani kuziba pengo, kama fundi anayechukua bati stoo. Stoo ikiisha, nikeli au chuma kilichobaki hushambuliwa upesi.

4. Mvuke hutoka wapi?

Usidhani ni suala la masika tu. Fueli yenye haidrojeni ikiungua hutoa maji:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Kwa hiyo katika mitambo inayofua umeme kwa gesi asilia, kama ya Kinyerezi na Ubungo jijini Dar es Salaam, mvuke upo hata wakati wa kiangazi, maana unazaliwa ndani ya moto wenyewe. Njia mojawapo ya kupunguza tatizo ni kuongeza alumini katika aloi. Oksidi ya alumini, Al₂O₃, haigeuki gesi kwa urahisi kama oksidi ya kromiamu.

Jipime

Gramu 16.8 za chuma zimemenyuka zote na mvuke. Tafuta tungamo la haidrojeni iliyopatikana. (Fe = 56, H = 1)

*Jibu:* Moli za Fe = 16.8 ÷ 56 = 0.3. Kwa mlinganyo, moli 3 za Fe hutoa moli 4 za H₂, hivyo moli 0.3 hutoa moli 0.4. Tungamo = 0.4 × 2 = gramu 0.8.

Kumbuka unapojibu

Kabla ya kuandika neno "kutu", soma tena swali na utazame hali ya maji. Kama ni kimiminiko katika joto la kawaida, eleza kutu. Kama ni mvuke katika joto kali, taja oksidi inayohusika, andika mlinganyo uliosawazishwa, kisha eleza kama utando umebaki au umeondoka.