Nyota ya Kitabuni Haikuwepo Nungwi: Mafunzo Niliyopata Chini ya Mbingu Tatu

Nilipokuwa darasa la sita kijijini Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, kitabu cha shule kilitufundisha namna ya kuijua kaskazini usiku. Tafuta nyota saba zilizojipanga kama upawa. Chukua mbili za ukingo wa mbele wa kifuu chake, vuta mstari mara tano ya nafasi iliyo baina yao, utaikuta Nyota ya Kaskazini. Nikateremka ufukweni na rula ya mbao. Upawa niliuona juu ya bahari, umepinduliwa kama uliooshwa ukaanikwa. Nikavuta mstari. Ukashuka, ukashuka, ukaingia majini.

Asubuhi nikamwambia mwalimu kwamba nyota hiyo haipo. Akanijibu kwamba sikutazama vizuri, na darasa zima likacheka. Baadaye nikaishi Muscat miaka minne, kisha Aberdeen, Scotland, miaka mitatu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kitabu hakikusema uongo, kilikosea msomaji

Muscat, usiku wa kwanza juu ya dari kwa shangazi yangu, nikarudia mchezo ule ule wa mstari. Safari hii haukuingia majini. Ulikoma kwenye nyota ya wastani, wala si kali kama nilivyodhani, imetulia juu ya mapaa. Nikanyoosha mkono na kuipima kwa ngumi: kila ngumi kwenye mkono ulionyooka ni kama nyuzi 10. Nikapata ngumi mbili na kitu. Muscat iko karibu nyuzi 23 na nusu kaskazini mwa Ikweta. Aberdeen, iliyoko nyuzi 57, nikapata karibu ngumi sita.

Ndiyo hesabu yenyewe. Nyota hii imekaa karibu mno na mahali ambapo mhimili wa dunia umeelekea, kwa hiyo urefu wake kutoka upeo wa macho ni sawa na latitudo yako. Kwenye Ncha ya Kaskazini iko utosini. Kwenye Ikweta imelala juu ya upeo. Nungwi iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na nyota iko nyuzi kama hizo chini ya bahari. Mtoto wa Nungwi angeweza kutazama hadi macho yamtoke.

2. Mabaharia walilijua hili kabla ya mwalimu wangu

Nilipomhadithia babu, mzaa mama, hakushangaa hata kidogo. Ujanani alisafiri na majahazi hadi Ghuba. “Hiyo ni Jaa,” akasema. “Ukirudi nyumbani huzama. Ikishazama, ujue umekaribia.”

Jaa ndilo jina la Kiarabu la nyota hiyo kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, na Ahmad ibn Majid aliiandika katika vitabu vyake vya ubaharia karne ya 15. Walikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Unauma fundo, unaunyoosha uzi, unasimamisha kibao mpaka ukingo wake wa chini uguse bahari na wa juu uiguse nyota. Kila bandari ilikuwa na kipimo chake cha Jaa, kinachohesabiwa kwa vidole. Nahodha alikuwa akisoma latitudo kwa meno na uzi. Jaa ikishuka mno, walihamia kwenye nyota nyingine zilizo juu zaidi.

3. Suheli ya Muscat si Suheli ya Unguja

Mwishoni mwa Agosti shangazi aliniamsha kabla ya alfajiri, akanionyesha nyota iliyojitokeza chini kabisa kusini-mashariki. “Suheli imetoka. Joto limevunjika mgongo.” (Joto halikuwa na habari; tuliendelea kutokwa jasho wiki tatu nyingine.) Nikaitambua kwa mng'aro wake, ila ilinishangaza kuiona imeinama hivyo. Muscat haipandi zaidi ya ngumi moja na nusu. Unguja hupanda zaidi ya ngumi nne, na Aberdeen haionekani mwaka mzima. Nyota ya pili kwa ung'avu katika mbingu yote ya usiku, na Mskoti hawezi kuiona mpaka asafiri.

Kiswahili cha zamani kiliita kusini “suheli”. Kwa maana hiyo, neno hilo sasa utalikuta zaidi kwenye kamusi.

4. Kilimia kilinigeuza

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Nyumbani, Kilimia, kile kishada cha nyota, ukikitaka kikiwa juu, unaelekea kaskazini na kuinua macho ngumi sita. Ndicho wazee walichokifuatisha kwa kilimo, wakiangalia kama kinazama kwa mvua au kwa jua. Nilipofika Muscat nililazimika kulala chali, maana hupita utosini kabisa. Aberdeen, jioni ya Januari, nikasimama uwanjani nikitazama kaskazini kwa mazoea. Hakuna kitu. Kilimia kilikuwa nyuma yangu, upande wa kusini, kwa urefu uleule wa karibu ngumi sita.

Hakikuhama. Ni mimi niliyekizunguka, nikapita chini yake bila kujua. Na kwa kuwa nilikuwa nimegeuka, kila kundi nililolijua lilionekana limesimama kwa kichwa. Jabari, ambaye Unguja huchomoza amelala ubavu, kule anasimama wima kama askari, chini upande wa kusini.

5. Mwezi nao

Ramadhani ya 2008 iliangukia Septemba. Siku ya nne au ya tano nikauona mwezi mchanga juu ya mapaa ya mawe ya Aberdeen. Sisi tumezoea mwezi uliolala chali kama dau. Huu ulisimama wima kama mundu uliotundikwa ukutani. Kwa dakika moja nzima nilifikiri kuna jambo limeharibika.

6. Nyota za kwetu hupanda wima

Karibu na Ikweta nyota huchomoza na kupanda moja kwa moja, kama nazi inavyovutwa kwa kamba. Ndiyo maana nyota iliyo chini mashariki hukuonyesha upande uleule kwa muda mrefu, na mabaharia wa bahari yetu waliziita pande za dira kwa majina ya nyota zinazochomoza na kuzama pande hizo. Aberdeen nyota hupanda kimshazari, na nyingine hazizami kamwe. Upawa wa kitabuni huizunguka Jaa usiku kucha. Jioni za vuli unauona chini, umekaa sawa kama upawa unaochota mchuzi.

7. Giza halikugawanywa sawa

Tangu mwanzo wa Mei hadi karibu katikati ya Agosti, Aberdeen hakuna usiku wa giza kamili. Juni niliona nyota chache tu zenye nguvu. Desemba jua lilizama saa tisa na nusu alasiri, na giza lilikuwa la bure, ila mawingu hayakuniruhusu kulitumia. Kwetu giza huja kila siku, mwaka mzima, saa ileile takriban. Sikuwahi kulihesabu kuwa ni mali.

Lakini taa zinatunyang'anya mali hiyo. Dar es Salaam, Kariakoo, unahesabu nyota kwa vidole. Umeme ukikatika mtaa mzima watu hulaani, nami hulaani pamoja nao, kisha nikatoka nje kutazama juu.

8. Sisi ndio tulio na mbingu karibu nzima

Mskoti haoni Msalaba wa Kusini, haoni Suheli, haoni mawingu mawili ya Magellan, na kitovu cha Njia ya Maziwa hukiona kikijiburura kwenye upeo wa macho, tena msimu ambao hana giza. Mtu wa Nungwi, kwa mwaka mmoja, hupitishiwa juu ya kichwa karibu nyota zote zinazoonekana kutoka duniani kwa macho matupu. Anakosa duara dogo tu karibu na ncha ya kaskazini. Katika duara hilo imo nyota moja mashuhuri, na ndiyo hiyo kitabu chetu kilichotuagiza tuitafute.

Kama uko Unguja, Tanga au Mombasa, toka nje usiku wa katikati ya Mei, saa tatu, mahali pasipo taa. Kusini, ngumi tatu na nusu hivi kutoka chini, umesimama Msalaba. Geuka kaskazini: upawa uko pale, umepinduliwa, na zile nyota mbili za ukingo zinaelekeza chini, kwenye nyota usiyoweza kuiona.