Unga wa Bei Nafuu: Tujaribu Pamoja, Si kwa Siri



Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi dukani vizuri na vibaya vyote hutembezwa kwa matangazo, naye mnunuzi hubaki akikisia. Somo letu la leo linahusu jambo linaloonekana dogo: kuacha unga, sukari au mafuta tuliyozoea, na kujaribu vile vya bei nafuu vyenye jina la supamaketi yenyewe.

Bidhaa hizi ni nini?

Kwa kawaida supamaketi haina kinu chake. Hupatana na mwenye kinu, naye hupakia unga katika pakiti yenye jina la duka. Nakumatt, kabla ya kufungwa mwaka 2020, ilikuwa na Blue Label. Naivas na Carrefour nazo huuza bidhaa zenye majina yao. Bei hushuka kwa sababu matangazo ni machache na duka hununua kwa wingi.

Basi bei ndogo si ushahidi wa ubaya, wala jina kubwa si ushahidi wa uzuri. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Baadhi yake zilikuwa na majina yaliyojulikana nchini kote.

Ni nini huvunja amani?

Si unga, ni siri. Mama humimina unga wa bei nafuu katika pakiti ya ule wa zamani ili baba asijue. Siku akijua, hataulizia unga tena. Atauliza ni nini kingine alichofichwa. Baba naye hupunguza pesa za matumizi kimyakimya, kisha hulalamika kwamba chai haina sukari. Wengine huwapunguzia watoto maziwa, huku nyama choma ya baba siku ya soko ikibaki palepale. Kubana matumizi kunakomuumiza mmoja tu si akiba, ni dhuluma.

Namna ya kujaribu

1. Ketini pamoja kabla ya kwenda dukani. Hapa kwetu Endarasha wengi tuna viazi, kabeji na mahindi shambani. Andikeni vile tu vinavyotoka mfukoni: sukari, majani ya chai, mafuta, chumvi, mchele. Badilisheni kimoja kwa mwezi, si vyote kwa siku moja.

2. Pimeni bei kwa uzito, si kwa ukubwa wa pakiti. Tuseme pakiti ya gramu 400 ni shilingi 100, na ya gramu 500 ni shilingi 115. Ya kwanza ni shilingi 25 kwa kila gramu 100, ya pili ni 23. Iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

3. Someni pakiti. Tazameni alama ya KEBS na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu 2012, sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe vitamini na madini, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Chumvi nayo sharti iwe na iodini. Pakiti isiyo na alama iacheni, hata ikiwa nusu bei.

4. Onjeni bila kuona pakiti. Mmoja apike ugali wa aina mbili, mwingine na watoto waonje na kusema upi ni upi. Mara nyingi ulimi hushindwa kutambua kile ambacho macho yalidai kukijua.

5. Kubalini matokeo. Ugali usiposhikana, rudieni unga wa zamani bila kulaumiana. Wakwe wakija, pikeni pishori ya Mwea. Siku nyingine mchele wa kawaida unatosha. Lakini uji wa mtoto mchanga na chakula cha mgonjwa msivifanyie majaribio; ulizeni kliniki kwanza.

6. Ipeni akiba jina. Shilingi 60 kwa wiki ni shilingi 3,120 kwa mwaka. Amueni mapema kama ni za karo, chama au mbolea. Pesa isiyo na jina huyeyuka njiani.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

- Ni kitu gani tunachonunua kwa ajili ya jina tu, au kwa kuogopa macho ya majirani?
- Kila mmoja wetu yuko tayari kupunguza nini katika matumizi yake mwenyewe?
- Je, kuna bei ambayo mmoja wetu amekuwa akimficha mwenzake?

Swali la tatu lijibiwe kwa upole, na atakayelisikia jibu asikasirike. Aliyesema ukweli leo akigombezwa, kesho atarudia kuficha.