PLASTA YA HOMONI NA HUKUMU ZA TWAHARA KWA MWANAMKE ANAYEKARIBIA KUKOMA HEDHI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha ugonjwa na akateremsha pamoja nao dawa. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Ahali zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo: miongoni mwa mambo yanayoulizwa sana na familia zetu zinazoishi Ghuba ni hili la mwanamke aliyefika umri wa miaka arobaini na kitu, hedhi yake ikaanza kwenda kombo, na daktari akampa plasta ya homoni abandike mwilini. Wengi huona haya kuuliza. Na haya ni katika imani, lakini haya inayomfanya mtu aache sala zilizomuwajibikia, au aswali bila ya twahara, si haya inayotakiwa na sharia. Wanawake wa Ansari walisifiwa kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Hali yenyewe ilivyo

Hedhi haikomi ghafla kwa wanawake wengi. Kabla ya kukoma hutangulia miaka kadhaa ambayo mayai hupungua na homoni iitwayo estrojeni hupanda na kushuka bila ya mpango. Katika miaka hiyo mwanamke huweza kuona damu mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kisha asiione miezi mitatu. Humjia joto la ghafla kifuani na usoni, jasho la usiku, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, maungo kuuma, na moyo kuwa mzito bila ya sababu anayoijua. Hiyo si shetani wala si upungufu wa imani, na mume asiseme kuwa mkewe amebadilika tabia. Ni hali ya kimaumbile aliyoijaalia Mwenyezi Mungu, na ina tiba.

Plasta ni kipande chembamba chenye gundi na dawa ya estrojeni. Hubandikwa chini ya kiuno, katika nyonga, tako au sehemu ya chini ya tumbo, wala haibandikwi kwenye titi. Dawa hupenya ngozi kidogo kidogo na kuingia katika damu. Aina nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki, na nyengine mara moja kwa wiki. Mwanamke mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, kwani huufanya utando wa kizazi kuwa mnene na kuhofiwa saratani. Kwa hivyo huongezewa dawa ya pili, projesteroni au mfano wake. Kwa ambaye hedhi yake bado haijakoma, dawa hii ya pili mara nyingi hutumiwa siku 12 mpaka 14 za kila mwezi, na anapoiacha hutokwa na damu.

Watu wengi waliogopa tiba hii tangu mwaka 2002, ulipotangazwa utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu ya madhara yaliyoonekana, yakiwemo saratani ya titi na kuganda kwa damu. Lakini wanawake wale walikuwa na wastani wa umri wa miaka 63, na walikuwa wakimeza vidonge. Madaktari wa leo wanaona kuwa, kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 anayesumbuliwa na hali hii, wala hana kizuizi, manufaa kwa wengi yanazidi madhara. Na plasta kwa kipimo cha kawaida haikuonekana kuzidisha hatari ya kuganda damu kama vidonge. Hata hivyo, aliyepata saratani ya titi, au mwenye ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa na damu isiyojulikana sababu yake, asianze mpaka daktari amchunguze.

Mas-ala ya kwanza: Je, inafaa kujitibu hali hii?

Inafaa. Kujitibu kumeruhusiwa na sharia, na Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Hajj, aya ya 78, kwamba hakuweka uzito katika dini. Anayesema kuwa kukoma hedhi ni jambo la maumbile na kwa hivyo lisitibiwe, na aangalie kwamba kudhoofika kwa macho kwa uzee pia ni maumbile, na hakuna aliyeharimisha miwani.

Lakini aangalie dawa imetengenezwa kwa kitu gani. Estrojeni iliyomo katika plasta aghalabu hutengenezwa kutokana na mimea. Ama baadhi ya vidonge, estrojeni yake hutolewa katika mkojo wa farasi wenye mimba. Na projesteroni aghalabu huja katika vidonge laini vyenye ganda la jelatini, na jelatini huweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Basi amuulize mfamasia, na ikiwepo dawa safi inayofanya kazi ile ile, hana haja ya kuingia katika shaka.

Mas-ala ya pili: Plasta na maji ya josho

Katika udhu plasta haina tatizo, kwa kuwa haipo katika kiungo kinachooshwa. Tatizo liko katika josho la hedhi na la janaba, ambalo sharti lake ni maji kuenea mwili mzima, na plasta inazuia maji kufika katika ngozi iliyo chini yake.

Njia iliyo salama zaidi ni kulipatanisha josho na siku ya kubadilisha. Aitoe plasta ya zamani, aondoe gundi iliyobaki kwa mafuta kidogo, akoge, akaushe ngozi vizuri, kisha abandike mpya mahali pengine. Josho likimlazimu kabla ya siku hiyo, na plasta ikawa inatoka na kurudishwa bila ya kuharibika, aitoe akoge kisha airudishe. Ikiwa kuitoa kutaiharibu, na hana nyengine, au kufanya hivyo mara kwa mara kutamletea madhara au kuikatisha tiba yake, basi ataichukulia kama kitambaa kilichofungwa juu ya jeraha: ataosha mwili uliobaki na kupangusa juu yake kwa maji. Na akiongeza kutayamamu kwa kutoka katika khitilafu ya wanavyuoni, ni vizuri. Lakini asiifanye rukhsa hii kuwa mazoea ilhali ana njia, kwani rukhsa ni ya mwenye haja.

Na anayeona tabu katika jambo hili, amwambie daktari wake. Ipo dawa hiyo hiyo ya kujipaka kila siku, ambayo hunywewa na ngozi wala haibakishi kizuizi. Aipake baada ya josho, aiache ikauke, na watoto wasipaguse pale alipopaka.

Mas-ala ya tatu: Plasta na saumu

Plasta haifunguzi. Saumu huharibika kwa kinachoingia tumboni kwa njia yake, na ngozi si njia ya chakula wala kinywaji. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilizihesabu plasta za dawa zinazobandikwa juu ya ngozi miongoni mwa vitu visivyofunguza. Ama vidonge vya kumeza vinafunguza, na aghalabu projesteroni humezwa usiku wakati wa kulala, basi hakuna tabu ndani yake.

Mas-ala ya nne: Damu inayokuja kwa dawa

Hapa ndipo penye makosa mengi. Mwanamke huambiwa na jirani kwamba damu ya dawa si hedhi kabisa, akaswali na kufunga ndani ya hedhi yake. Na mwengine huambiwa kwamba kila damu ni hedhi, akaacha sala wiki tatu.

Hukumu haiangalii kilichoileta damu, bali huiangalia damu yenyewe na wakati wake. Kauli mashuhuri kwa wanavyuoni wetu wa Kiibadhi ni kwamba hedhi kidogo kabisa ni siku tatu na nyingi kabisa ni siku kumi, na twahara kidogo kabisa baina ya hedhi mbili ni siku kumi. Basi damu ikija baada ya twahara iliyotimia, kwa mwanamke ambaye hajafikia umri wa kukata tamaa, ikadumu siku tatu au zaidi bila ya kupita kiasi, ni hedhi, hata kama iliyoiamsha ni dawa. Ama matone yanayokatika kabla ya siku tatu kutimia, wala hayakurudi ndani ya siku kumi, hayo si hedhi. Na akiwa ameacha sala kwa kuyadhania kuwa ni hedhi, atazilipa.

Mwenye ada inayojulikana ikampita na damu bado inatoka, atangoja siku mbili. Na ikiwa anachokiona ni umanjano au uchafu tu, atangoja siku moja. Kisha ataoga na kuswali, na kinachoendelea ni damu ya ugonjwa, yaani istihadha. Mwenye istihadha hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha kwa kila sala na hufunga saumu. Na amefanyiwa wepesi wa kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha.

Na tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 48 aliyebandika plasta kwa mara ya kwanza. Ada yake ni siku sita, na mwezi ule damu ilitoka siku 17 mfululizo, naye akaacha sala siku zote hizo. Hedhi yake ni siku sita, na kungojea ni siku mbili, hizo ni nane. Zilizobaki ni siku tisa, alikuwa na wajibu wa kuswali. Sala tano mara tisa ni sala 45, naye anazidaiwa. Azilipe kwa kadiri ya uwezo wake bila ya kuchelewesha. Na ikiwa siku hizo zilikuwa za Ramadhani na hakufunga, atazilipa saumu tisa hizo pamoja na zile za hedhi yake. Mwanamke huyu lau angeuliza siku ya saba, asingebeba deni hili.

Kwa sababu hiyo anayeanza tiba hii na awe na daftari. Aandike tarehe ya kila damu, rangi yake, siku ya kukatika, na siku alizotumia dawa ya pili. Damu kidogo zisizo na mpango ni za kawaida katika miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo. Zikizidi hapo, au zikiwa nyingi mno, amwendee daktari. Na aliyekwisha koma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu asiyoitarajia, asingoje hata mwezi mmoja, kwani huenda ikawa dalili ya ugonjwa mkubwa.

Mas-ala ya tano: Talaka na eda

Jambo hili linagusa haki za watu, na halifai kuamuliwa nyumbani. Eda ya mwenye kuona hedhi ni quruu tatu, kama ilivyokuja katika Suratul Baqara, aya ya 228. Na eda ya aliyekata tamaa na hedhi ni miezi mitatu, kama ilivyokuja katika Suratut Talaq, aya ya 4. Wanavyuoni wametofautiana katika umri wa kukata tamaa: wapo waliosema miaka 50, wapo waliosema 55, na wapo waliosema 60.

Basi mwanamke wa miaka 50 aliyeachwa huku anatumia dawa inayomletea damu, asijihukumie mwenyewe kwamba eda imekwisha. Mume wa talaka rejea ana haki ya kumrejea maadamu eda haijesha, na mmoja wao akifa ndani yake mwengine anarithi. Akiolewa kabla ya wakati, ndoa yake ni batili. Amwendee kadhi na daftari lake na karatasi ya daktari. Ama eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi kwa asiye na mimba, aone damu au asione.

Nasaha kwa waume

Mwenyezi Mungu amewaamrisha waume kukaa na wake zao kwa wema. Na katika wema ni mume kuijua hali hii, kwenda na mkewe hospitali, kutoa gharama ya dawa kwa moyo mkunjufu, na kutoudhika anapomwambia usiku kuwa hawezi. Mama aliyelea watoto ugenini, mbali na mama yake na dada zake, hana wa kumwambia isipokuwa mumewe. Na mabinti nao wafundishwe mas-ala haya mapema, ili ikifika zamu yao wasihangaike.

Aliyetatizwa na jambo lisilotajwa hapa na awaulize wenye elimu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko kwenye taufiki.