Mbwa Aangukaye Si Lazima Awe na Kichaa

Pengine wengine watastaajabu kuona ukurasa huu, uliozoea kunena habari za watoto, shule na ndoa, leo ukinena habari za mbwa. Wasistaajabu upesi. Ziko nyumba nyingi, za shamba na za mjini, ambazo mbwa ndiye mlinzi wa ua; na mlinzi huyo akipatwa na ugonjwa wa kudumu, watu wa nyumbani, hasa watoto, ndio wanaobaki naye mchana na usiku. Leo twataka kujifunza habari za ugonjwa mmoja tu, yaani kifafa. Tumeuchagua kwa kuwa mbwa mwenye kifafa yumo katika hatari ya kuuawa kwa rungu kabla ugonjwa wenyewe haujamdhuru.

Sisi wenyewe tumeyaona hayo. Nyumbani kwetu palikuwa na mbwa dume, rangi ya majani makavu, tuliyemwita Simba ingawa aliogopa hata ngurumo. Alipopata umri wa miaka miwili hivi, alfajiri moja, alianguka karibu na mlango wa jiko. Miguu ikakazana, kichwa kikapinda nyuma, povu likamtoka, akajikojolea. Mlinzi wetu akakimbilia rungu. Hatumlaumu, maana kwao aliwahi kuona mtoto akifa kwa kichaa cha mbwa, na aliyeona kifo kile mara moja hawezi kukisahau. Kilichomwokoa Simba si maneno yetu, bali ni cheti chake cha chanjo. Tulikileta, tukamwomba mlinzi asubiri kidogo, na muda si mrefu mbwa akainuka, akayumba kama mlevi, akaenda kunywa maji.

Hapo ndipo penye somo la kwanza, nalo si dogo. Mbwa mwenye kichaa habadiliki kwa dakika chache kisha akarudi kuwa mzima. Hali yake huharibika siku kwa siku: mpole huwa mkali, au mkali hujificha gizani, sauti ya kubweka hugeuka, taya hulegea na mate humdondoka, miguu hupooza, na kwa kawaida hufa kabla siku 10 hazijapita tangu dalili zilipoanza. Mwenye kifafa huanguka, hutetemeka kwa dakika moja au mbili, kisha baada ya saa chache hula, hucheza, hubweka kama jana. Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana mara nyingi huanza mbwa akiwa kati ya umri wa miezi 6 na miaka 6.

Lakini tusiwe wepesi wa kujihukumia wenyewe. Kichaa nacho chaweza kuleta degedege. Kwa hiyo mbwa asiyechanjwa akianguka mara ya kwanza, asiguswe hata kidogo mdomoni wala penye mate yake. Afungiwe mahali pa salama, aitwe afisa mifugo au daktari wa wanyama. Naye mtu yeyote aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, aende hospitali siku ile ile, bila kungoja kuona mbwa atafanya nini. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na watoto ni sehemu kubwa yao. Basi asiyechanja mbwa wake kila mwaka asituulize habari za kumtunza mgonjwa. Aanze na chanjo.

Yako pia mambo mengine yanayoangusha mbwa: sumu ya panya, dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyoachwa ndani ya ndoo, pigo la kichwa, njaa kali kwa kitoto cha mbwa. Haya daktari huyachunguza kwanza, nawe umsaidie kwa kusema kweli hata kama kosa ni lako.

Sasa tuseme mbwa amepimwa na daktari amethibitisha kwamba ni kifafa. Wakati wa kuanguka yakupasa kufanya machache tu. Ondoa mawe, viti na masufuria karibu naye. Watoto warudi nyuma. Usitie mkono mdomoni wala kijiko: mbwa hamezi ulimi wake, lakini meno yake yatakata kidole bila yeye kujua. Usimmwagie ndoo ya maji. Tazama saa. Degedege likipita dakika 5, au akianguka mara mbili au zaidi katika muda wa saa 24, hiyo ni hatari ya kweli, apelekwe kwa daktari mara moja. Akiisha kutulia, mwache peke yake kidogo, kwani kwa muda huweza asione wala asimjue bwana wake, na mbwa mpole kabisa huweza kuuma saa hiyo. Kisha andika katika daftari siku, saa, na urefu wa degedege. Daftari hilo la senti chache humsaidia daktari kuliko masimulizi yetu marefu.

Mgonjwa akianguka mara mbili au zaidi katika miezi 6, kwa kawaida daktari huanza kumpa dawa. Iliyozoeleka sana ni fenobabitali, dawa ya zamani iliyoanza kutumiwa kwa wanadamu mwaka 1912. Hutolewa kila baada ya saa 12, asubuhi na jioni, bila kukosa. Majuma ya kwanza mbwa atalala sana, atayumba, atakuwa na njaa na kiu isiyo ya kawaida, hayo hupungua. Lakini usimwongezee chakula kila aombapo, maana atanenepa mno. Damu hupimwa baada ya majuma mawili au zaidi kidogo, na baadaye kila miezi 6 hivi, kwa kuwa dawa hii yaweza kudhuru ini.

Yako makosa mawili tunayotaka kuyakemea kwa nguvu. La kwanza ni kuacha dawa ghafula. Hapa twajishitaki sisi wenyewe. Simba alikaa miezi minne bila kuanguka, tukajidanganya kwamba amepona, vidonge vilipokwisha hatukununua vingine. Siku ya tatu alianguka mara tano kabla ya jua kutua. Dawa haiponyi kifafa, hukizuia tu. Na mwili uliozoea dawa ukinyimwa mara moja, degedege hurudi kwa ukali. La pili ni kushirikisha dawa. Dawa hiyo hiyo hutumiwa na watu wenye kifafa, na pengine nyumba moja ina mtoto mgonjwa na mbwa mgonjwa. Asilani kidonge cha mtoto kisipewe mbwa, wala cha mbwa kisipewe mtoto! Kipimo si kimoja, na mtoto atakayepungukiwa ataanguka shuleni au, Mungu apishe mbali, motoni.

Na gharama je? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yalishika jambo hili pande zote mbili: yatuagiza wema kwa wanyama na yakataza kuwatesa bure, tena yasema si haki kuwatumilia fedha ambayo ingepaswa kuondoa kwanza taabu za wanadamu. Kwa maoni yetu, mwenye uwezo wa kununua vidonge na asinunue kwa uvivu tu, amekosa. Lakini baba ambaye lazima achague kati ya vidonge hivyo na daftari za watoto, asione haya kumwambia daktari wazi kwamba hawezi. Kumwacha mnyama aanguke miezi na miezi bila dawa wala uamuzi ndiko ukatili.

Simba aliishi miaka mingine mitano. Mwishowe degedege likawa haliachi, na daktari akamlaza kwa sindano, mlinzi yule yule akimshika kichwa. Watoto tuliwaambia kweli, kwamba amekufa, si kwamba amepelekwa shamba. Daktari alituonya tusimtupe porini, kwa sababu dawa ya sindano ile hukaa katika nyama na huua tai na mbwa wengine watakaoila. Tulichimba shimo refu, mbali na kisima, tukamfukia jioni ile ile.