Kurudisha nyuma kilometa za gari ni ghushi



Katika biashara ya magari yaliyotumika, kuchezea kilometa kumezoeleka. Gari lililotembea kilometa 240,000 linaingia gereji jioni, asubuhi mita inasoma 78,000. Mnunuzi anaambiwa, "Hili bado bichi." Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni ujanja wa mjini tu. Tulipime kwa mizani ya sheria.

Amepokea Abu Huraira (r.a.), katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kumwacha ngamia au mbuzi bila kukamuliwa ili kiwele kijae siku ya kuuzwa. Aliyenunua, akishamkamua na kuugundua ukweli, ana hiari: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Mafaqihi huliita jambo hili tasriya.

Hapa pana somo. Muuzaji yule hakutamka uongo. Kiwele ndicho kilichosema uongo kwa niaba yake. Basi mita iliyorudishwa nyuma ni kiwele kilichojazwa. Anayejitetea kwamba "mimi sikumtajia kilometa, aliziona mwenyewe" hana hoja.

Sasa tutazame Nyanda za Juu Kusini. Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilometa 830 hivi. Gari linalokwenda na kurudi mara moja kwa wiki, kwa wiki 50 linafikisha kilometa 83,000. Lililofanya kazi hiyo miaka mitatu haliwezi kusoma 78,000.

Madhara yake si ya fedha tu. Injini nyingi za Kijapani zenye mkanda wa taimingi hutakiwa kubadilishwa mkanda huo kwenye kilometa 100,000. Aliyedanganywa huko Iringa atateremka Kitonga na familia yake akiamini mkanda bado una maisha. Ukikatika, injini huzima, usukani huwa mzito, na breki baada ya kukanyagwa mara chache huwa ngumu. Hapo aliyechezea mita amechezea nafsi za watu.

Mnunuzi ajikinge vipi? Kwanza, asiiamini mita peke yake. Mita za kisasa huhifadhi hesabu kwenye chipu, na chipu hubadilishwa kwa kompyuta. Pili, alipeleke gari likapimwe kwa mashine. Baadhi ya magari huweka kumbukumbu pia katika kompyuta ya injini, ya giaboksi au ya breki. Hesabu zikipishana, hila imefichuka. Lakini magari mengi, hasa ya zamani, hayana kumbukumbu ya pili, hivyo mashine ikinyamaza si ushahidi kuwa mita ni safi. Tatu, aombe hati za Japan, kwani tangu 2004 vyeti vya ukaguzi wa magari huko huandikwa kilometa. Nne, atazame mipira ya pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haiafikiani na kilometa chache.

Aliyekwisha kudanganywa ana haki ya kurudisha gari kwa sababu ya aibu iliyofichwa. Hata Sheria ya Mikataba ya nchi yetu inamruhusu aliyelaghaiwa kuuvunja mkataba, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Fundi anayerudisha kilometa na dalali anayejua akanyamaza wasijitoe. Wamesaidiana katika dhambi, na ujira wa hila hiyo ni haramu. Ikiwa mita iliharibika ikawekwa nyingine, mnunuzi aambiwe, na iandikwe kwenye hati ya mauziano. Ikiwa muuzaji hajui ukweli wa kilometa, aseme hajui.

Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha, baraka hufutwa. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa au Iringa mjini achague: laki chache za leo, au baraka.

Allah (S.W.) aturuzuku cha halali.