Mwalimu, Ndege Ikipita Inatuona?

Kiswahili kimeweka kiumbe na mtambo ndani ya neno moja, ndege, halafu kikaiachia ngeli kazi ya kuvitenganisha. Ndege wametua: hao ni njiwa. Ndege zimetua: hizo ni Bombardier. Mtoto anayeonyesha angani na kusema "ndege wawili wamepita" atasahihishwa na mwalimu wa lugha, na ni haki yake kusahihishwa. Ila mimi nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati, na kosa hilo nalipenda. Linaniambia kwamba mtoto bado hajaamua kama kile kitu kinaruka kwa uhai au kwa kanuni. Hapo ndipo somo linapoanzia.

Wanachuo wenzangu wa ualimu, wengi wenu mmekwenda mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo mnalijua swali la wiki ya kwanza: "Ukimaliza shule unataka kuwa nani?" Mimi nilipangiwa sekondari moja ya kata wilayani Ludewa, si mbali na Mchuchuma nilikozaliwa. Daktari, mwanajeshi, mwalimu (wachache, tusijidanganye), na rubani. Marubani walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege, na wengi hawajawahi kuiona ikiwa chini.

Ukifikiri kidogo, haishangazi. Mtoto aliye kidato cha kwanza leo amekua akiona mapokezi ya ndege kwenye runinga: zile Q400 mbili za mwaka 2016, Dreamliner ya Julai 2018, Airbus mwishoni mwa mwaka huohuo. Ndege yenye twiga ilipokewa kama mgeni wa taifa. Kizazi hiki kimefundishwa kuitamani ndege kabla ya kufundishwa inakaaje hewani.

Sisi walimu tuna namna mbili za kumjibu mtoto huyu. Moja ni kumcheka: rubani, na hesabu zenyewe una F? Nyingine ni kumsifu: vizuri sana, mpigieni makofi matatu. Kwa maoni yangu hii ya pili ni mbaya zaidi. Aliyechekwa anajua hajajibiwa. Aliyepigiwa makofi anakaa chini akidhani amejibiwa.

Na kwetu jambo hili lina uzito wake. Mtu wa Mchuchuma analijua vizuri neno "inakuja". Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kwa ajili ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Watoto waliozaliwa mwaka ule wamefika sekondari wakiwa bado wanaambiwa mgodi unakuja. Hata chombo cha angani kimewahi kuwa "kinakuja" kusini mwa nchi hii. Novemba 1917 Wajerumani waliirusha meli ya angani L 59 kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na takriban tani 15 za shehena, ili imfikie von Lettow-Vorbeck na askari wake huku. Ilipofika juu ya Sudan ikaamriwa kurudi. Ilikaa hewani saa 95 bila kutua, safari ya ajabu kwa wakati ule, na huku kusini hakuna aliyeiona. Kwa hiyo ukimwambia mtoto wa Ludewa "siku moja utakuwa rubani" kisha ukafuta ubao, umemwongezea "inakuja" nyingine. Afadhali umpe kitu cha kushika leo.

Cha kushika nilichochagua kilikuwa ungo.

Ukitaja ungo na kuruka katika sentensi moja darasani, usitegemee utulivu. Kila mtoto wa nchi hii amesikia habari za wachawi wanaosafiri kwa ungo usiku. Somo letu sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, lakini kicheko kile kilikuja kwa Kiswahili, Kipangwa na Kimanda kwa pamoja. Waache wacheke. Kisha watoe nje wakati wa upepo. Mmoja aushike ungo kwa mikono miwili, aukabilishe upepo ukiwa umelala sawasawa. Hakuna kitu. Sasa ainue ukingo wa mbele kidogo tu. Ungo unataka kupanda, mikono inaisikia. Upepo ukiwa hafifu, akimbie nao. Ni kilekile, maana ungo haujui kama hewa ndiyo inayoufuata au wenyewe ndio unaoifuata hewa.

Hapo hapo waulize hewa inakwenda wapi baada ya kuugonga ungo. Chini. Ungo unaisukuma hewa chini, hewa nayo inausukuma ungo juu. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, na bawa la ndege halifanyi jambo jingine, isipokuwa umbo lake limechongwa ili hewa inayopita juu yake nayo iinamishwe kwenda chini kwa utaratibu.

Nisitishe kidogo, kwa sababu hapa kuna uongo unaozunguka kwenye vitabu na video, na sisi ndio tutakaousambaza tusipoangalia. Utasikia kwamba hewa ya juu ya bawa ina safari ndefu zaidi, kwa hiyo lazima ikimbie ili ikutane na mwenzake wa chini kule mwisho wa bawa. Hakuna kinachoilazimisha kukutana naye. Ikipimwa, hewa ya juu hutangulia kufika. Ni kweli inakwenda kasi na kanieneo yake inashuka, lakini sababu si hiyo ya miadi. Na kama umbo la mgongo wa bawa ndilo pekee linaloinua, ndege za maonyesho zinazoruka zikiwa zimegeuka tumbo juu zingeanguka zote.

Rudi kwenye ungo. Mwambie yule mwanafunzi ainue ukingo zaidi, na zaidi. Ikifika pembe fulani ungo unaacha kupanda na kuanza kumsukuma nyuma tu. Hilo ndilo marubani wanalochungwa nalo tangu siku ya kwanza ya mafunzo: pua ikiinuliwa mno, hewa inakatika juu ya bawa na nguvu ya kuinua inapotea. Mtoto aliyelisikia jambo hilo kwenye viganja vyake hatalisahau kwenye mtihani.

Kisha watauliza uzito, na wana haki. Boeing 787-8 inaweza kuondoka ardhini ikiwa na takriban tani 227. Namba hiyo ikiandikwa ubaoni haina maana yoyote. Lakini watoto wanaoijua Makambako wanayajua malori yanayopanga foleni kwenda mizani. Lori kubwa lililojaa haliruhusiwi kuzidi tani 56. Basi chukua malori manne ya namna hiyo, uyafunge pamoja, uyarushe. Darasa likinyamaza, ujue namba imeingia.

Unaweza kuunganisha na nyumbani zaidi. Mji wa Njombe uko kwenye mita 1,900 na zaidi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita. Ungo uleule, kwenye hewa nyepesi, unainuliwa kidogo. Ndiyo maana ndege ileile, yenye mzigo uleule, inahitaji kukimbia zaidi kwenye uwanja wa nyanda za juu kabla ya kunyanyuka.

Ule mstari mweupe angani ni somo la mwezi wa sita. Asubuhi ya Juni Njombe hakuna asiyetoa moshi mdomoni, na watoto hujifanya wanavuta sigara. Pumzi ina mvuke, baridi inaugandisha kuwa matone madogo unayoyaona. Injini ya ndege nayo inapumua. Mafuta yakiungua hutoa mvuke. Kwenye kimo cha kilomita 10 kuna baridi ya karibu nyuzi 50 chini ya sifuri, na mvuke huo unakuwa chembe za barafu. Kwa hiyo mstari ule si moshi wa kuungua vibaya na si dawa inayomwagwa. Pia unaweza kutabiri nao kidogo: mstari ukikatika upesi, hewa ya juu ni kavu, ukidumu na kutanuka, kuna unyevu.

Mtoto mmoja aliniuliza kama ndege haiwezi kuanguka. Usimwambie haianguki. Wote walisikia habari za Bukoba, Novemba 6, 2022, ATR ya Precision Air ilipoingia Ziwa Victoria ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki. Wanajua pia kuwa wavuvi ndio waliotangulia kufika. Mweleze kwamba ajali huchunguzwa ili kanuni zirekebishwe, kisha endelea na somo.

Sasa tugeukie hosteli zetu. Orodha za "kabla sijafa" zimejaa kwenye simu zetu: puto la Serengeti alfajiri, kuruka na parachuti Diani, kuelea juu ya bonde la Kerio, siti ya dirishani kwenye Dreamliner. Na mimi yangu ninayo: siti ya mbele kwenye Cessna Caravan, ile ya propela moja inayovuka Dar hadi Zanzibar kwa takriban dakika 20, nimwangalie rubani mikono yake. Bumu haliruhusu. Bumu likiingia linakuta madeni yameshajipanga. Lakini ukiziangalia orodha hizo, karibu zote ni za kukaa na kupigwa picha. Orodha ya mtoto ni tofauti. Yeye anataka kujua. Na ya kujua ina vitu vya bei nafuu. Ukitoka Makambako kwa basi la Tunduma, unapita jirani na Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012. Ukipata nafasi ya kuiona ndege ikitua pale, tazama soksi ya upepo kwanza, uone kama rubani anaukabili upepo kama yule mwanafunzi na ungo wake. Tazama nyuma ya mabawa yanavyorefuka na kuinama kabla ya kutua, ili ndege iende polepole bila kuanguka. Na ukibahatika kupanda, omba siti iliyo nyuma kidogo ya bawa. Mawingu utayaona tu, lakini bawa ndilo linalofundisha.

Kuhusu njia yenyewe ya urubani, tuwaambie namba, maana makofi hayana namba. Leseni ya rubani binafsi huanzia umri wa miaka 17 na saa 40 hewani. Ya biashara ni miaka 18 na saa 200, au 150 kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Ya unahodha wa ndege kubwa ni miaka 21 na saa 1,500. Kiingereza cha redio hupimwa. Miwani haizuii, mradi macho yakirekebishwa yafikie kiwango. Nimekutana na mabinti wawili waliokwisha kukata tamaa kwa sababu ya miwani tu. Gharama ni kubwa, na usiifiche. Lakini Chuo cha Usafirishaji, NIT, kinafundisha mafundi wa ndege, waongoza ndege wana chuo chao chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na chuo cha hali ya hewa kipo Kigoma. Rubani mmoja anaruka juu ya migongo ya watu wengi, na kazi zote hizo zinaanzia kwenye Fizikia na Hisabati ya kidato cha pili, ambayo ndiyo sisi tutakayoifundisha.

Swali nililoliweka kwenye kichwa cha makala liliulizwa na binti wa kidato cha kwanza aliyekuwa hajanyoosha mkono wiki tatu. "Mwalimu, ndege ikipita hapa, inatuona?" Nilimjibu kwamba mtu mmoja haonekani kwa macho kutoka kilomita 10. Bati jipya likipigwa na jua, pengine litametameta. Lakini kuhusu rubani anaona mbali kiasi gani, hilo tunaweza kulikokotoa, nikawaita kidato cha pili waje na Pythagoras yao. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371. Ongeza 10. Mstari wa kuona unagusa dunia kwenye pembe mraba. Kipeo cha pili cha 6,381 ukitoa kipeo cha pili cha 6,371, halafu kipeuo cha pili, unapata karibu kilomita 357.

Tukachukua ramani ya ukutani, tukafunga uzi kwenye penseli kwa kipimo cha ramani, binti yule akabana ncha moja juu ya Mchuchuma na kuzungusha. Njombe na Makambako ndani. Songea ndani, Mbeya ndani, Iringa ndani, na zaidi ya nusu ya Ziwa Nyasa. Dodoma ilibaki nje ya duara. Wakacheka sana, na mmoja akauliza ndege ipande kilomita ngapi ili Dodoma nayo iingie. Hiyo niliwapa kama kazi ya nyumbani.